Sifa Kwenye Bomba la Grisi

Sifa ina harufu ambayo sabuni haiiwezi. Nasema sifa ya ini la papa, yale mafuta yanayopakwa mbao za mashua zisiliwe na maji ya chumvi, si sifa ya kusifiwa. Ingawa katika habari hii zote mbili zimo, na aliyezichanganya ni mimi. Babu mzaa mama alikuwa fundi mashua Nyamisati, na kopo lake moja lilikaa uani kwetu Ruaruke, nyuma ya choo, mama alikolifukuzia kwa uvundo wake. Hadi leo nikipita penye samaki wakavu sokoni Kibiti, mkono wangu wa kulia hujificha wenyewe ndani ya kanga.

Baba alikuwa na lori kuukuu la kubeba boriti za mikoko kutoka Nyamisati hadi Kibiti. Lilikuwa gari la kulelewa. Tope la chumvi la njia ile huingia kila mahali, kwa hiyo viungo vya usukani na vya springi vilitaka grisi kila Ijumaa, siku ambayo baba hakusafiri. Kuingia chini ilikuwa kazi yangu, binti wa miaka kumi, mwembamba, nisiyeogopa kuchafuka. Nililala juu ya gunia, tope likinidondokea machoni, nikafuta kila nipeli, yaani kile kichuchu cha chuma kinachopokea grisi, kisha nikachomeka bomba na kusukuma mpaka grisi nyeusi ya zamani itoke, mpya iifuate. “Usiache mpaka kitapike,” baba alinifundisha. Nikishatoka alipanda, akazungusha usukani kushoto na kulia, akasikiliza. Kama hakuna kilio chochote, alisema mbele ya watu: “Fundi wangu, limenyamaza.” Wallahi, nilikuwa radhi kulala na njaa kuliko kulikosa neno lile.

Masika moja mvua zilikata njia, na grisi ikaadimika madukani. Ijumaa hiyo baba alikwenda mazikoni kijiji cha pili, akaniachia lori. Kufungua ndoo, grisi iliyobaki ni ya kukomba kwa kidole. Kumwambia kulikuwa rahisi: baba, grisi imeisha. Lakini safari ilikuwa kesho yake, na nilijua lori likilia sitasifiwa. Nikakumbuka maneno ya babu, kwamba sifa ndiyo uhai wa chombo. Basi na lori si chombo? Nikachota sifa, nikaikoroga na yale makombo ya grisi, nikajaza bomba. Iliingia laini mno, wala hakuna kiungo kilichotapika. Baba aliporudi akazungusha usukani, akacheka. “Fundi wangu, leo limenyamaza kuliko siku zote.” Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, Ijumaa mbili zilizofuata nami nikatia sifa tena. Uvundo haukumshtua mtu, maana lori lilibeba na samaki wakavu.

Wiki ya tatu, kwenye mteremko, kiungo cha gurudumu la mbele, kilichokwisha kukauka na kulika kwa kuwa sifa haishiki kama grisi, kilikatika. Lori lililala mtaroni, boriti zikamwangukia mjomba Shamte, kaka yake mama, aliyekuwa utingo wa baba. Walimkata mguu juu ya goti. Lori lilipovutwa hadi nyumbani, baba aliingia chini mwenyewe. Nilikuwa mlangoni pa jiko. Nikamwona akitia kidole kwenye kile kiungo, akakileta puani, akakaa hivyo kidogo, kisha akakifuta mchangani. Hakunitazama. Nikajiambia hakunusa kitu.

Mjomba alipotoka hospitali, jamaa za mama walikuja kumwuliza baba ilikuwaje. “Grisi iliisha, nikapuuza,” akawaambia. “Kosa ni langu.” Niliona aibu, na bado sikufungua kinywa. Mjomba alisema, “Shemeji, umenizika nikiwa hai,” na tangu siku ile hakumwamkia tena. Lori likauzwa chuma chakavu, baba akarudi kulima mpunga. Mama aliishi kati ya mume na kaka, akipika sahani mbili siku za Idi na kupeleka moja mwenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimezaa watatu, lakini neno hili moja lilikataa kutoka. Masika iliyopita mjomba alifariki, na baba akasimama safu ya mwisho ya swala ya maiti, kama mpita njia.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona baba na kigari changu. Macho yake yamefifia. Alikizunguka akikipapasa, akaniuliza ninakitia grisi mara ngapi. Nikamweleza kuwa magari ya siku hizi viungo vyake vimezibwa tangu kiwandani. Kikichakaa unakitupa, unafunga kipya. Hakuna nipeli, hakuna mtoto wa kulala kwenye gunia, hakuna wa kuambiwa limenyamaza. Aliuacha mkono juu ya boneti.

“Hata sifa haiingii?” akauliza taratibu.

Miaka yote hiyo alijua. Nilitaka kumwambia twende kwa mjomba, nikakumbuka kuwa mjomba yuko makaburini. Nikalia pale pale uani, mtu mzima mimi, na baba akanitafuta bega kwa mkono wake mkavu.

“Nyamaza,” akasema. “Nyamaza, fundi wangu.”