Kumwombea Resiato

Kazi ya Laurencia ilikuwa kutandika vitanda vya watu waliosafiri nusu ya dunia kuja kumwona faru. Wakishamwona faru, tena kwa mbali, tena mgongo tu, wanarudi loji, wanaoga, wanajilaza kusoma habari za majoka yenye mabawa. Haya, kila mtu na ugonjwa wake. Laurencia hakuajiriwa kuwauliza. Aliajiriwa kunyoosha shuka, kukunja taulo mpaka ionekane tembo, na kuokota walichoacha.

Maana wanaacha, acha tu. Mgeni anakuja na mizigo ya mtu anayehama, akimaliza kushuka Kreta kuona wanyama anataka kuondoka mwepesi. Sheria ya loji ile, iliyokaa kilimani juu ya mji wa Karatu, ilisema kitu kilichosahaulika kiwekwe stoo, na mwenyewe asipokiulizia mpaka msimu uishe, kiwe cha aliyekiokota. Kwa viatu na makoti wafanyakazi walinuniana mpaka kusalimiana ikawa kazi. Kwa vitabu hakuna aliyemnunia mtu. Meneja mwenyewe alimwambia Laurencia asisubiri msimu, avichukue tu, kwa sababu panya wameanza kuvizoea.

Basi kila akipata mapumziko alirudi kwake Endamarariek na kiroba cha vitabu. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha nne, kilichonolewa na miaka mingi ya kuulizwa kwa nini maji ya moto hayatoki. Akaanza na katuni za mashujaa, kwa kuwa zina maneno machache, na hasira zake zikaanzia hapo. Mwanamume mzima anavaa chupi juu ya suruali, anaruka juu ya magorofa, anauokoa mji, halafu kesho yake mji uleule unavamiwa na jambazi lilelile aliloliacha hai jana. Wala hakuna anayemhoji. Anaficha uso, hana mjomba, hana shangazi, ukoo wake haujulikani. Huku kwetu mtu wa namna hiyo haazimwi hata jembe, sembuse kukabidhiwa mji.

Akahamia kwenye majoka. Kitabu cha kwanza kilikuwa na ramani mbele, na majina ambayo ukiyatamka yote lazima unywe maji. Mfalme fulani kamdhulumu mwenzake, upanga umepotea, mtabiri ametabiri, na kuanzia hapo ni kutembea. Wanavuka mito, wanapanda milima, kitabu kinakaribia kuisha na bado wanatembea. Hakuna anayelima, hakuna anayechunga, na kila jioni eti wanakula nyama. Kile kitabu kilikuwa kinene, kwa hiyo hakikupotea bure: Laurencia alikiegemeza kwenye mlango wa banda la kuku usipigwe na upepo.

Vya kutisha ndivyo vilivyomchekesha zaidi. Vijana wamekodi nyumba porini, umeme unakatika, na mwandishi anataka msomaji atetemeke hapo hapo, kana kwamba umeme kukatika ni habari. Kisha mmoja anasikia mkwaruzo chumba cha chini ya ardhi, na badala ya kukimbia anashuka. Peke yake, na kibiriti. Na kitisho chenyewe ni kwamba chumba kiko chini ya ardhi. Wairaqw wa zamani, wenyeji wa huku, walichimba nyumba zao ndani ya kilima wasionekane na wavamizi, wakalala humo na ndama na mbuzi wao, na kilichowala usiku ni viroboto. Laurencia alicheka mpaka kuku wakatoka nje.

Halafu akakutana na kimoja. Jalada lake lilikuwa na fuvu la kichwa cha mtu, kwa hiyo alikitarajia kuwa cha kijinga kama wenzake. Kilihusu kijiji cha wafugaji kwenye milima ya baridi na theluji, ambako kila msimu wa mvua ukungu unashuka, na ndani ya ukungu wafu wanarudi kugonga milango. Hawapigi makelele, hawatoi meno. Wanaita kawaida, kwa sauti zao zilezile, kama mtu aliyechelewa kurudi mnadani. Sharti ni moja tu: usifungue mpaka ukungu uondoke, ukifungua unaondoka nao. Sasa kuna mama mjane aliyefiwa na mwanawe wa pekee, na mwanawe yuko mlangoni, anasema, mama, nina baridi.

Laurencia alifika hapo akaacha kucheka. Akarudi nyuma, akausoma tena ukurasa ule, taratibu, kidole chini ya mstari. Kumbe vipo. Ndani ya viroba vyote vile vya machupi na majoka, kumbe alikuwepo mtu mmoja anayejua anachokisema. Furaha ilimjaa mpaka ikamuuma, maana hakuwa na mtu wa kumwambia.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe wake tu, Bibi Selestina. Patrisi, mume wa Laurencia na mwana wa Selestina, alikufa miaka minne iliyopita kwa homa iliyoanza kama mafua, na binti yao Antonia ameolewa Babati. Wanawake wale wawili wakabaki na nyumba, ng'ombe wa maziwa na shamba la maharage. Tangu matanga yaishe hakuna kati yao aliyelitaja jina la Patrisi mle ndani. Waliongea habari za maziwa, za mvua na za majirani, wakajiona wanaendelea vizuri kabisa.

Selestina alipoliona lile fuvu mezani alilitazama kwa muda.

"Mama Antonia, hicho kitu kinalala humu ndani?"

"Ni kitabu, mama."

"Naona ni kitabu. Nimeuliza kama kinalala humu."

Selestina hakuwa msomaji wa kitu zaidi ya kitabu cha nyimbo, lakini mashetani aliyatambua kwa majalada. Hukumu aliitoa palepale. Maharage yakishachambuliwa na kuingia ghalani, akivikuta vitabu vile bado vimo, atafunga nguo zake aende Mbulu kwa binti yake Bernadina, na wenye kuuliza watapewa jibu na Laurencia. Sasa, mama mkwe kumhama mkwe wake si jambo dogo. Kijiji kizima kitasema alinyimwa chakula. Hilo Laurencia angelimeza, kwa sababu watu wa pale wamesema mengi na bado wanakuja kuomba chumvi. Alichokiogopa ni ile nyumba. Selestina akiondoka, hatabaki mtu mle anayekumbuka jinsi Patrisi alivyokuwa akikohoa kidogo kabla ya kuingia, kama mgeni nyumbani kwake. Angebaki yeye na vitabu vyake, na vitabu havikumjua Patrisi.

Siku ya kuchambua maharage wakaja majirani, kama ilivyo desturi, leo kwangu kesho kwako, kila mama na ungo wake. Ukiwa umekaa na wanawake kumi mchana kutwa unatoa mawe kwenye maharage, ama useme jambo ama usinzie. Laurencia akaanza kuwasimulia kile kitabu. Majina yake yalikuwa ya kuvunja meno, kwa hiyo akambatiza yule mjane jina la Resiato, na kwa kuwa ni mfugaji wa mahali penye ukungu, akampeleka kuishi Endulen. Endulen haikuulizwa kama inamtaka.

Wale wanawake waliacha kusengenya, na hilo si jambo la kawaida. Selestina peke yake aliwapa mgongo. Alijikausha pale pembeni na ungo wake, sura ya mtu asiyesikia kitu, anachambua kwa ghadhabu. Ungo ule haukuisha mpaka jua linazama. Laurencia alipofika pale mtoto anaposema nina baridi, maharage ya siku ile yakawa yamekwisha, kila mtu akanyanyuka kwenda kukamua. Waliondoka wanamlalamikia kama amewanyima chakula.

Jumuiya ya kanisa, majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, ilikutana nyumbani kwao juma lile. Katekista Wilibrodi akaongoza sala, akafika mahali pa kila mtu kutoa nia yake ya kuombewa. Mmoja akaombea mvua, mwingine mguu wake. Kisha Selestina akasimama, kitenge kimefungwa vizuri, sauti haitetemeki.

"Tumwombee Resiato wa Endulen. Ni mjane. Mtoto wake amekufa, na bado anamsikia mlangoni."

Laurencia aliwatazama wenzake wa maharage, kila mmoja kaangalia sakafu. Kisha wote kwa pamoja wakaitikia, Ee Bwana twakuomba utusikie, tena kwa nguvu kuliko walivyoitikia mvua.

Ingeishia hapo kama si Wilibrodi. Katekista yule hachambui maharage, kwa hiyo hakujua lolote, lakini alikuwa mtu wa vitendo, hasa kwa mambo yasiyomhusu. Alisema jumuiya haiwezi kumwombea mfiwa kwa mdomo tu. Mfiwa anatembelewa, anapewa pole, anapelekewa chochote. Akaagiza kila nyumba itoe kisado cha maharage, na yeye mwenyewe atawapigia simu watu wa kigango cha kanisa kule Endulen ili Jumamosi wajumbe wapande kwenda. Wale wanawake walitoa maharage yao bila kufumbua mdomo. Walikuwa wanamtolea mtu wa kitabuni na wanajua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Laurencia hakulala vizuri siku zile. Akisema kweli, Selestina ataonekana bibi kizee aliyeombea hadithi, aibu ya namna hiyo huiponi Endamarariek, na Mbulu itakuwa karibu kuliko ghala. Akinyamaza, wajumbe watapita geti la hifadhi na gunia la maharage kwenda kumtafuta mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtunga nusu.

Ijumaa asubuhi Wilibrodi akafika, amechoka na amekasirika. Aliwakuta wote wawili uani, Selestina anapepeta, Laurencia anafua.

"Bibi, nimepiga simu kule mpaka salio limekwisha. Akina Resiato wapo wengi, na watoto wao wote wazima, wako machungani. Mmoja amenijia juu, anauliza nani huku Karatu amemuulia mwanawe. Sasa nisaidie. Huyu wetu ni wa boma la nani?"

Laurencia aliitoa mikono kwenye povu. Alishajiandaa tangu jana.

"Katekista, ngoja nikwambie."

"Amehama," alisema Selestina.

"Amehama kwenda wapi?"

"Ningejua ningekuwa nimekwambia. Huyo aliyekasirika mpe pole, mwambie nimemwomba radhi. Maharage wapeni wagonjwa."

Wilibrodi alitazama huyu, akatazama yule, akaona hapa hakuna la kupata. Alikunywa maziwa aliyopewa, akaaga. Laurencia alisubiri mpaka baiskeli yake imeshika njia ya kigango, kisha akaja akachuchumaa mbele ya ungo.

"Mama, nisamehe. Resiato hayupo. Ni wa kile kitabu."

"Najua."

"Unajua?"

"Umesema ng'ombe wake walikufa kwenye theluji. Endulen kuna theluji? Mnaniona nimezeeka kiasi hicho?" Aliendelea kupepeta. "Ukidanganya, danganya vizuri."

"Sasa mama, kwa nini ukamwombea?"

Ungo ukasimama. Selestina aliokota jiwe dogo ndani yake, akalitupa kwa kuku, akaokota jingine.

"Nimwombee nani? Nisimame mbele ya Wilibrodi niseme niombeeni mimi? Ataniambia, bibi, mbona misa ya mwaka tulishafanya, makaburini tulishakwenda, si yalikwisha. Huyo wa kwako hakuna aliyemwambia yamekwisha. Nikaona nijibanze hapo kwake." Akautikisa ungo. "Kile kitabu umekimaliza?"

"Nimekimaliza."

"Alimfungulia?"

Laurencia alitamani kudanganya, lakini alikuwa ametoka kuambiwa hajui kudanganya.

"Hakumfungulia, mama. Alikaa nyuma ya mlango akimsikiliza mpaka ukungu ukaondoka, na sauti ikaondoka nao. Akapona."

"Akapona," alisema Selestina. "Akapona ili afanye nini? Aliyeandika hicho kitabu hajazaa."

"Angefungua angekufa."

"Nimesikia. Mimi ningefungua. Patrisi hakuweza baridi tangu mdogo."

Jina lilitoka hivyo tu, juu ya maharage, na Laurencia akaanza kulia kabla hajajua kama analia. Selestina hakumnyamazisha. Aliuweka ungo chini, akamshika mkono wenye povu, naye akalia, bila haraka, kama mtu aliyefika kwenye kazi yake. Walikaa hivyo mpaka kuku wakaingia kwenye ungo na kuanza kula, na hakuna aliyewafukuza.

"Kilete," Selestina alisema baadaye, anajifuta kwa ncha ya kitenge. "Kianze mwanzo, na unisomee mimi, usiwasomee wale. Na huyo mama usimwite Resiato, mmeshamsumbua vya kutosha. Mwite Selestina."

Laurencia akakausha mikono yake kwenye sketi, akaingia ndani kukitafuta.