Riwaya Zilizoliwa Mwisho na Panya

Jumamosi nilisimama kwenye meza ya muuza vitabu kuukuu, karibu na soko la Nyeri. Riwaya za bei ya chini kabisa zilikuwa zile ambazo panya walikuwa wamekula kurasa zake za mwisho. Ukinunua, muuzaji anakusimulia mwisho bure.

Askari mmoja alinunua riwaya ya mapenzi. Muuzaji akamwinamia: "Afande, huyo mwanaume anashikwa. Anafungwa miaka saba." Askari akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda zake.

Punde mama mmoja kutoka Giakanja akanunua nakala nyingine ya riwaya ile ile. "Mama, wanaoana kanisani," muuzaji akamwambia. "Wanapata watoto wanne." Mama akapiga makofi, akimshukuru Mungu kwa Kikuyu: "Asante Ngai!"

Nikashindwa kunyamaza. "Kwani wewe umesoma hii kitabu?"

"Hapana, mzee. Mimi nasoma uso ya mteja."

Nikachukua nakala ya tatu, nikamwuliza yangu inaishaje. Akanitazama usoni kwa muda mrefu, akajikuna shingo, kisha akakitoa kile kitabu mkononi mwangu polepole.

"Wewe nunua kitabu ya kupika," akasema.

Sasa najua kupika maandazi, lakini bado najiuliza aliona nini.