Kaka Yangu Anataka Kumwomba Msamaha Mtu Aliyejaza Viazi kwenye Redio ya Mlima

Admin, nifichie jina, na hata haya majina niliyoandika nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, mjane, naishi Skuta hapa Nyeri. Jumamosi kuna ruracio kwa kaka yangu kule Tetu, yaani wazee wa kijana anayemchumbia binti yake wanakuja kuzungumza mahari, na baba ya kijana ni mtu ambaye hata kumtaja mdomo wangu unakataa. Nitamwita Bosi, kwa sababu aliwahi kuwa bosi wetu.

Miaka ya tisini nilifanya kazi Naro Moru, kwenye kampuni yake ya kupandisha wageni mlimani. Mimi nilikaa ofisini na redio ya mawasiliano. Kaka yangu Kariuki alikuwa kiongozi wa wapagazi, na huko juu alibeba redio ya mkononi. Serikali ilikuwa imetupa masafa ya mlima, yaani channel ya redio ya mambo ya usalama peke yake. Bosi alikuwa pia na malori ya viazi, nayo yalipewa masafa yake, lakini sauti yake haikufika mbali. Ya mlima yalipitia mnara uliokuwa juu, ukiongea unasikika Nanyuki mpaka Karatina. Bosi akaingiwa na tamaa. Akaleta fundi na kompyuta ya kubeba na waya wake, fundi akaingiza programu nyingine kwenye redio za malori, na madereva wote wakahamia kwenye masafa yetu. Mkaguzi wa serikali akitarajiwa, fundi anarudi, anaweka ile programu halali, kila redio inakaa mahali pake. Mkaguzi akishakunywa chai na kuondoka, uchafu unarudishwa. Nilipolalamika niliambiwa, "Wewe kazi yako ni kuongea kwa redio, si kufikiria."

Asubuhi moja ya baridi kali Kariuki aliniita. Alikuwa na mpagazi mwenzake, kijana tunayeweza kumwita Muthee, amezidiwa na ugonjwa wa mlima, anatoa povu mdomoni. Nilishika maneno mawili matatu, "Muthee" na "hapumui," halafu viazi vikaingia. "Gunia ngapi ziko hapo? Funga lumbesa, ongeza juu!" Nikapiga kelele, "Tokeni kwa hii channel, kuna mtu anakufa!" Dereva mmoja akacheka, nasema akacheka, "Ati anakufa? Mwambie angoje tumalize kupakia." Sikujua wako kambi gani. Waokoaji walipowapata, Muthee alikuwa ameshakata roho, na Kariuki, aliyevua mavazi yake na soksi amfunike mwenzake, alikuwa ameganda miguu. Alikatwa vidole vyote vya miguu. Mpaka leo anatembea na fimbo.

Kwenye mazishi Bosi alisimama kwa huzuni, akawaambia watu kwamba Kariuki alisahau kuchaji betri. Mama ya Muthee alikuwa ameketi pale pale akisikia. Mimi nilienda kwa mkaguzi mwenyewe nikamweleza yote. Akaja, redio za malori zikafunguliwa moja moja mbele yangu, na hakuna hata moja iliyopatikana na kosa. Fundi alikuwa amepita. Nilifutwa kazi kwa kuitwa mwongo, lakini hilo si lililoniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba Kariuki hakuniamini. Yeye upande wake alisikia mikwaruzo tu, akaamini ni betri. Akaniambia, "Wacha kusingizia mzee wa watu. Ni mimi niliua huyo kijana." Anasema hivyo hadi leo akikamua ng'ombe wake.

Sasa msichana wake Wanja na mtoto wa mwisho wa Bosi wakapendana huko Nairobi, bila kujua chochote. Na Kariuki sijawahi kumwona na furaha hivi. "Mzee amekubali kuingia kwangu," anasema. "Amenisamehe." Amewaambia wazee wetu hataitisha kitu. Hata mbuzi mmoja. Eti badala yake ananenepesha kondoo wake mwenyewe ampe Bosi kama fidia. Baba ya msichana ndiye atoe! Wazee wanadhani amechanganyikiwa.

Wiki iliyopita Bosi alikuja kutambulishwa. Nikamfuata kwenye gari lake nikamwomba, kwa heshima zote, amwambie Kariuki ukweli, wakiwa wawili tu. Alikuwa anachokoa nyama kwenye meno. "Wewe mama bado uko na hiyo maneno?" akasema. "Frequency ni hewa tu. Na hizo viazi ndio zilisomesha huyu kijana anaoa msichana yenu." Akanipigapiga begani, akarudi ndani kuongezewa supu. Mimi nilienda nyuma ya zizi nikatapika, na sioni haya kusema.

Nikisema mbele ya wazee, Wanja atanichukia, na yeye na huyo kijana hawana kosa. Kijana mwenyewe ana adabu, sijui aliitoa wapi. Tena Kariuki anaweza kukataa kuniamini kama zamani, halafu nibaki shangazi mbaya aliyeharibu siku. Nikinyamaza, kaka yangu atasimama na fimbo yake mbele ya ukoo wote, amwombe msamaha huyo mtu, na huyo mtu atampokea akitabasamu. Na kondoo atachukua. Namjua.

Na kazi niliyopewa mimi siku hiyo, kama shangazi ya msichana, ni kuwanawisha wageni mikono kabla ya kula. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini: nimmwagie maji anawe, au niweke birika chini niseme?