Bwana Pasi

Katika miaka thelathini na moja ya ndoa yao, Fundi hakushika pasi hata mara moja. Yeye alikata na kushona, mkewe akanyoosha. Chumba chao cha kazi kilikuwa kimoja, na mpaka ulijulikana: upande wa dirisha, cherehani ya miguu na debe la vipande; upande wa ukuta, meza ya pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, bakuli la maji, na kitambaa cheupe cha kufunikia nguo laini. Siku moja mke alishikwa na homa, na mteja akasimama mlangoni akidai suruali yake ya kuendea usaili. Fundi akamkabidhi na mikunjo yake yote, akamwambia mwenye pasi anaumwa, kama haraka imemzidi aikalie njiani itanyooka. Mtaa mzima ulicheka. Tangu hapo mke akaitwa Mama Nyoosha.

Alikuwa na sababu ya kuuamini moto. Alipojifungua mtoto wa kwanza, mkunga alimwambia azipige pasi nepi pande zote mbili ili vijidudu vife, naye akazipiga. Watoto wanne walikua bila hata kipele. Kila kilichogusa ngozi ya mtu wake, iwe leso, shuka au bandeji, kilipita kwanza chini ya pasi. Wengine huonyesha mapenzi kwa maneno. Yeye alionyesha kwa nguo zisizo na mkunjo.

Fundi alipatikana na kisukari akiwa na miaka hamsini na tatu. Kwanza ugonjwa ulimnyang'anya chai tamu, kisha ukamnyang'anya hisia za miguu. Kwa kawaida alikanyaga pedali kwa soksi tupu. Jioni moja mkewe aliiona soksi ya kulia imelowa damu. Pini ya kushikizia pindo ilikuwa imezama unyayoni hadi kichwani, na mwenyewe alikuwa ameshinda akishona nayo, akipiga mluzi.

"Kumbe nimejishona," alisema.

Tundu la pini likawa kidonda, na kidonda kikakataa kufunga. Ilipita miezi saba ya kuoshwa na kufungwa. Kliniki walikipima kwa rula ya karatasi, lakini Fundi alikuwa na vipimo vyake: kilikuwa sawa na kifungo cha koti. Daktari hakuwaficha. Kidonda kikifika mfupani, mguu utakatwa. Nao ulikuwa mguu wa kulia, wa pedali, mguu uliolisha na kusomesha nyumba nzima.

Ndipo muuguzi wa vidonda, binti mpole mwenye miwani, alipowaeleza kuhusu dawa iliyokuwa ikijaribiwa. Ilikuwa kiraka chenye ukubwa wa stempu. Uso wake ulikuwa na mamia ya sindano ndogo ambazo jicho halizioni, lakini ukigusa ulihisi kama ulimi wa paka. Kikibandikwa kwenye ngozi kando ya kidonda, sindano zinapenya na kuyeyukia humo humo, na dawa inabaki ndani. Dawa yenyewe ni protini, alisema, aina ile ile ambayo mwili hutengeneza kuamsha nyama mpya, ila kwa mwenye kisukari huwa haba. Ukiimeza, tumbo litaisaga kama linavyosaga maharage. Ukiipaka juu, ngozi itaizuia. Lazima ipenyezwe.

Fundi alisikiliza kama anayesikiliza ufundi wa mwenzake. "Sindano bila uzi, binti, inashona nini?"

"Uzi ndio dawa yenyewe, mzee."

Jibu hilo lilimfurahisha mno. Alitia saini karatasi zote, akasema miaka yote amewatia watu viraka, sasa zamu yake imefika.

Wiki tatu za kwanza muuguzi alimbandika mwenyewe pale kliniki, na kidonda kikasinyaa. Kifungo cha koti kikawa kifungo cha shati. Mama Nyoosha hakuthubutu kusema neno, maana furaha ikitangazwa mapema huota mbawa, lakini njiani kurudi nyumbani alijikuta anaimba chini chini. Muuguzi akasema sasa mguu upumzike, safari zipungue, na mama ajifunze kubandika nyumbani. Akampa boksi la viraka vya wiki tano, kila kimoja ndani ya pakiti yake ya karatasi inayong'aa, pamoja na maelekezo: weka kwenye friji, nawa mikono, usifungue mpaka wakati wa kubandika.

Wao hawakuwa na friji. Jirani yao muuza samaki alikuwa nayo, akawaachia rafu nzima ya juu. Basi kila baada ya siku moja, asubuhi, Mama Nyoosha alikwenda kuchukua pakiti, na kila mara ilitoka imelowa, inanuka samaki. Akaitazama. Maishani mwake hakuwahi kusogeza kitu kibichi chenye harufu karibu na kidonda cha mtu. Hakuifungua, maana aliambiwa asiifungue. Aliilaza juu ya blanketi, akaifunika kitambaa cheupe, akapunguza pasi hadi moto wa hariri, moto wa nguo zinazoogopa moto, akaipitisha mara tatu upande huu na mara tatu upande ule. Pakiti ikakauka. Harufu ikatoka. Ikawa na joto la kiganja.

Fundi, mguu juu ya stuli, alitazama akacheka. "Leo umenyoosha hadi dawa."

Kidonda kikasimama pale pale kwenye kifungo cha shati. Wiki ya tatu kikaanza kupanuka, ya nne kikatoa harufu. Mama Nyoosha alijilaumu kwa uzembe, akaongeza: badala ya mara tatu, mara tano.

Siku ya kurudi kliniki muuguzi alipima, akachukua rula nyingine, akapima tena. Alizitaka pakiti tupu, kwa kuwa walitakiwa kuzirudisha zote, na Mama Nyoosha akazitoa mkobani zikiwa zimefungwa kwa uzi kama barua. Muuguzi akauliza kuhusu friji. Friji ilikuwa sawa. Akavua miwani.

"Dawa hii ni kama ute wa yai," alisema. "Ukiutia moto unaganda, na ukishaganda haurudi kuwa ute tena. Hata ukiuweka kwenye barafu mwaka mzima. Ndiyo maana nauliza, toka friji mpaka mguuni, inapita wapi?"

Mama Nyoosha alifungua mdomo. Alikuwa ameshaelewa. Alielewa kwa mikono kabla ya kichwa, mikono ikawa mizito mapajani kama si yake.

"Ni mimi," Fundi akasema. "Huwa naipiga pasi. Mke wangu akitoka kuteka maji, naipiga pasi."

Daktari mmoja kijana aliyekuwa chumbani aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Moto kiasi gani, mzee?" muuguzi aliuliza.

"Wa mwisho kabisa."

Muuguzi aliziangalia zile pakiti, moja baada ya nyingine, halafu akaandika.

Kidonda kilikuwa kimeshafika mfupani. Daktari mkubwa alisema huenda kingefika tu, pasi au si pasi, hakuna ajuaye. Mama Nyoosha alilisikia neno hilo, ila hakupata pa kuliweka. Mwezi haukuisha, mguu ukakatwa chini ya goti.

Nyumbani alimuuliza mumewe kwa nini alisema vile. Fundi alikuwa akiikunja suruali upande usio na mguu, akilipima pindo kwa macho. "Ng'ombe halemewi na nunduye," alisema. "Mimi watanicheka tu. Wewe wangekuuliza mpaka kaburini."

Wakamcheka kweli. Jina la Bwana Pasi lilitoka kliniki, likapita sokoni, likafika mtaani kabla magongo hayajazoeleka kwapani. Aliliitikia. Watu walimletea maembe na kumuuliza kama wayanyooshe kwanza, naye alijibu wayaache kwa moto wa pamba. Alishona kwa cherehani ya mkono miaka miwili na ushei, kisha moyo ukamchoka, akafariki. Msibani mzee mmoja alisimulia kisa cha pasi kwa upendo wote, watu wakacheka huku wakifuta machozi. Mama Nyoosha alipita katikati yao na birika la maji, akiwanawisha mikono. Tangu hapo alipiga pasi nguo za wengine kwa mkono ule ule. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Mwaka uliofuata alikwenda kliniki kwa ajili ya presha yake. Kwenye benchi, mama aliyemleta kaka yake mwenye kidonda alikuwa akisoma kwa sauti karatasi ya viraka, iliyochapwa upya. Weka kwenye friji. Usiipashe moto. Usiipige pasi. Akacheka mpaka karatasi ikamponyoka. Ni kichaa gani huyo, aliuliza, anayepiga dawa pasi? Mzee mmoja pembeni akasema aliwahi kusikia, aliitwa Bwana Pasi.

"Hakuwahi kushika pasi," Mama Nyoosha akasema.

Muuguzi mwenye miwani alikuwa amesimama mlangoni na mafaili mkononi.

"Mume wangu, binti. Maisha yake yote hakushika pasi. Hata moto wa hariri hakuujua."

Muuguzi alikuja akakaa karibu naye, akainamisha kichwa. "Najua, mama," alisema polepole. "Kwa moto wa mwisho zile pakiti zingeungua. Zilikuwa zimenyooshwa vizuri mno."

Mama Nyoosha alitikisa kichwa taratibu. Kumbe mtu pekee aliyetakiwa kudanganywa hakudanganyika hata siku ile ile, na mumewe alilibeba jina lile miaka miwili, kwa mguu mmoja, bure. Aliinama akaokota karatasi iliyoanguka sakafuni. Ilikuwa imejikunja. Aliiweka juu ya goti, akainyoosha kwa kiganja, upande huu, kisha upande ule, mpaka walipoita namba yake.