Siku Nne Nilizokaa kwa Mama Sijaona, Mnyambe

Alfajiri ya kwanza kuku aliingia chumbani kwangu akipitia ukutani. Siyo mlangoni. Ukutani.

Akasimama juu ya begi langu, akanitazama usoni, akatokea ukuta wa pili kama mtu anayekatiza uwanja wa shule.

Nikabaki kitandani najisemea: Alfredi, hawa watu wamekulaza kwenye tenga.

Ilikuwa Novemba ya 1993, enzi za ruksa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa kwaya kutoka Ndanda, na nilikuwa najisikia kupita kiasi. Nina suti ya mitumba, saa ya kubonyeza, na sabuni ya kunukia, ile ambayo miaka michache nyuma ulikuwa unaisikia tu kwa waliotoka Dar. Mtu mwenye vitu hivyo alijiona waziri.

Tulipanda Mnyambe, kule juu Newala, kwa tamasha la kwaya la Kristo Mfalme. Siku nne, Alhamisi mpaka Jumapili. Wageni tukagawanywa kwenye nyumba za waumini. Katekista Silvesta alisoma majina, wenzangu wakapata nyumba za bati, mimi nikaangukia kwa Mama Sijaona.

Nyumba yenyewe ya miti na fito, paa la nyasi, udongo umejazwa mpaka kiunoni tu. Kutoka hapo kwenda juu unamwona jirani anachambua mboga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu sana. Utusamehe, nyumba bado. Ile ya zamani iliangushwa na mvua mwaka jana. Hii tunaikandika Jumamosi, majirani wote wanakuja. Mvua ikitukuta hivi, tumekwisha."

Mumewe, mzee Bartholomayo, akatazama mawingu, akaitikia kwa kichwa.

Mimi nikacheka kimoyomoyo. Udongo huo hapo mlangoni, lundo zima, wala haununuliwi. Mmeshindwa nini tangu kiangazi kianze Juni? Nikaona ni uvivu tu.

Kitu kimoja kilinifurahisha pale: maji. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mapipa mawili, yamejaa mpaka mdomoni. Mama akanichotea ndoo nzima.

"Oga mwalimu, utoe vumbi."

Nikaoga. Jioni nikaoga tena. Ijumaa nikaoga mara tatu, kwa lile joto na ile sabuni. Nikafua suti, nikaona povu limebaki, nikasuuza upya. Maji yaliyobaki nikayamwaga. Watoto wa jirani walisimama wakiangalia yanavyozama ardhini, nami nikadhani wanaishangaa sabuni.

Kwetu Ndanda maji yanashuka yenyewe kutoka mlimani. Sikuwahi hata siku moja kuyafikiria.

Dharau sikuificha. Mazoezini nikawaambia wenzangu kwamba mimi nalala na kuku na kuku ndiye mwenye chumba. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Katekista Silvesta alisikia. Akanivuta pembeni.

"Mwalimu, yule mama nilimruka kwenye orodha kwa sababu ya ile nyumba. Akanifuata mara tatu, anaomba naye apewe mgeni."

Nikamjibu kwamba angemruka na mara ya nne.

Jumamosi asubuhi majirani walikuja na majembe. Wakaongea na Mama Sijaona uani, Kimakonde, sauti za chini. Kisha wakaondoka. Hakuna aliyegusa udongo.

"Mbona hamkandiki, mama?"

"Tutakandika, mwalimu. Kwanza mgeni."

Kwanza mgeni. Nikasema kisingizio hicho sasa kimepatikana. Na mawingu ya upande wa Masasi yalikuwa meusi tii.

Alasiri hiyo nikaongeza kubwa zaidi. Waimbaji wangu wanane wa besi walikuwa wanalalamika. Kwenye nyumba zao za bati wanapewa bakuli la kunawa uso na miguu, basi. Kesho tunaimba mbele ya umati, na jamaa wananuka jasho la siku tatu.

"Twendeni kwangu," nikawaambia. "Nyumba mbovu, lakini maji kibao."

Ruhusa sikuomba. Mama Sijaona alikuwa anamenya ming'oko, ile mizizi ya porini, kwa ajili ya chakula changu. Akawatazama wanaume wanane wenye taulo mabegani. Akalitazama pipa moja lililobaki na maji.

"Karibuni wanangu," akasema, akaenda kuleta kata.

Wakaoga wote. Wa mwisho ilibidi ainamishe pipa.

Jumapili Injili ilikuwa ile ya nalikuwa mgeni, mkanikaribisha. Padri akahubiri vizuri. Sisi tukaimba vizuri zaidi, tena safi, tunanukia. Mvua ikaanza wakati wa komunyo. Watu wakafurahi, wengine wakakimbilia masufuria ya kukingia maji. Mama Sijaona naye alitoka mbio, na hakurudi.

Nilipofuata begi langu, ukuta wa chumba changu haukuwepo tena. Udongo ulikuwa umelowa na kumwagikia ndani, nguzo zimelalia kitanda, paa limeshuka upande mmoja. Mzee Bartholomayo alikuwa amesimama tu, ameshika ufito.

Begi langu lilikuwa kavu. Mama alilikimbiza kwa jirani yake, Bi Swaumu, kabla hajaokoa gunia lake la mahindi.

Na mimi, juha, nikafungua mdomo.

"Si nilisema? Nyumba hii ilitakiwa ikandikwe zamani."

Aliyenijibu ni Bi Swaumu. Mwislamu yule, hata kwenye orodha ya katekista hakuwemo.

"Ikandikwe kwa mate? Unajua maji ya hapa yanatoka wapi wewe? Bondeni huko. Unashuka gizani, unapanda jua limeshakuwa kali, na ndoo moja kichwani. Miezi mitatu mwenzio anajaza yale mapipa ya kukandikia, ndoo moja moja. Alidhani mgeni mmoja ataoga kama watu wanavyooga. Wewe ukayaoga yote, ukatuletea na jeshi. Sisi jana tumekuja na majembe, anaturudisha, eti mgeni asije akakosa maji. Mwenyewe hajaoga tangu Alhamisi, na bado unasimama hapa..."

"Swaumu." Mama Sijaona hakupandisha hata sauti. "Nyamaza. Mgeni hajaondoka bado."

Akanikabidhi begi, na juu yake kifurushi cha korosho.

"Usalimie nyumbani, mwalimu. Utusamehe kwa nyumba."

Lori la kwaya likapiga honi, nami nikapanda. Ndiyo, nilipanda. Maji ya mvua yalikuwa yamejaa kila shimo na udongo ulikuwa pale pale. Ningeweza kuvua koti nikashika jembe hata kwa siku moja. Niliogopa macho ya yule mama, na nikisema ukweli wote, niliogopa na suti isichafuke.

Leo nina nyumba Masasi mjini. Vyumba vitano, vigae chini, maji ya bomba ndani. Chumba cha wageni kipo, godoro lake bado limo kwenye nailoni. Ndugu akipiga simu anataka kulala, namwambia subiri kwanza, sijaweka mapazia. Huu mwaka wa sita nasubiri mapazia.

Na wewe unayesoma hapa, unayesema utakaribisha watu nyumba ikiisha, tuache uongo. Nyumba tunaisingizia. Watu ndio hatuwataki. Yule mama hakuwa na ukuta, na aliomba mgeni mara tatu.

Msiniandikie pole kwenye komenti. Pole ni ya Mama Sijaona, kama bado yupo hai. Sijawahi kurudi Mnyambe kuuliza.