Dada Pasi na Gia ya Mlimani

Dada Pasi hakuwa mtu wa kuambiwa rudisha. Miaka nenda miaka rudi amesimama kwenye meza ya kupigia pasi, katika kichumba cha nyuma cha dobi chenye mvuke wa kukutoa jasho hata ukiwa umesimama tu, na kila alichonacho alikivujia jasho, jezi ya klabu ya baiskeli ikiwemo. Sasa mume wa dada yake, ambaye ndiye nahodha wa klabu, alikuwa amemwambia mbele za watu:

"Shemeji, ukishuka tena kusukuma pale mlimani, jezi uifue, uipige pasi, uirudishe."

Kanuni ndiyo hiyo: anayeshindwa mlima avue jezi. Na palikuwa na desturi nyingine, ya kijinga zaidi. Gia kubwa ya nyuma, ile inayofanya pedali iwe nyepesi, waliiita sahani ya wageni, na aliyeifunga alichekwa mpaka akaifungua. Watu wazima wenye magoti mabovu walikuwa wanakufa na tai shingoni, wakiogopa kuchekwa.

Dada Pasi akaenda kwa fundi.

"Nifungie sahani kubwa kuliko zote ulizonazo."

Fundi akazungusha pedali, akaitazama cheni. "Kubwa yako ina meno ishirini na tano. Nikikuwekea ya thelathini na nne utapanda umekaa. Ila dada, tambarare itakusumbua. Gia zitaachana mno: hii nzito, inayofuata nyepesi kupita kiasi. Wenzako watakuacha."

"Tambarare waniache, nitawafuata. Mlimani nikiachwa ndiyo basi tena. Funga."

"Watacheka."

"Wacheke, meno ni yao."

Walicheka kweli. Shemeji aliinama nyuma ya baiskeli, akauliza wageni wanafika saa ngapi. Na tambarare ikawa kama fundi alivyosema: gia moja ilimlemea, ya pili ikamzungusha miguu bure, migongo ya wenzake ikazidi kuwa midogo mbele yake. Iliuma. Alikuwa karibu kulia kwa hasira, lakini kugeuza hakugeuza.

Mlima ulipoanza akaitia ile sahani. Baiskeli ikapanda mdogo mdogo, miguu isisimame. Akampita wa kwanza, akampita wa pili. Kwenye kona kali alimkuta shemeji amesimama juu ya pedali, anayumba huku na huku, anahema kwa mdomo. Kisha mguu wake ukagusa lami.

"Pole, shemeji," akasema Dada Pasi, akapita akiwa amekaa.

Kileleni hakungoja pongezi za mtu. Jioni aliifua jezi yake, akaipiga pasi mpaka mkunjo wa mwisho, kama alivyoagizwa. Kisha akaitundika kwenye msumari wa chumbani kwake mwenyewe.