Maji ya Nyumbani kwa Mwalimu

Asubuhi ile niliondoka Vulamba bila kujua ninaenda wapi. Nilikuwa nimechoka kutazama ukuta uleule, basi. Dereva wa lori la kabichi lililoelekea Beni alinikubalia nikae juu ya mzigo. Mchana, katika senta moja ndogo njiani, akasimama kutia maji kwenye radiata, nami nikateremka kunyoosha miguu.

Kwenye bomba kulikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili hivi, katika sare ya shule, na bidon, dumu la njano la maji. Zamu yake ilipofika, alimpisha mwanamke aliyekuwa nyuma yake. Kisha akampisha mwingine, na mwingine tena. Mimi niliacha shule mapema, lakini kuuliza sijaacha.

"Juu ya nini unaacha batu yote banakupita?"

Aliinama akasogeza bidon yake kando. Mama aliyekuwa akikaanga mandazi kando ya bomba akadakia.

"Papa, siku hizi tuko na inspecteur wa maji?"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka. Yeye ndiye aliyenieleza: katika shule yao, mtoto akichelewa asubuhi, baada ya masomo humchotea mwalimu maji na kuyapeleka nyumbani kwake. Sikushangaa. Hata mimi nilichota, na wazazi wa watoto wale walichota zamani zao.

Foleni ilipoisha, msichana alisogea kwangu.

"Papa, unaweza kunibebea bidon mpaka kwa mwalimu? Mi nitabakia huku."

"Ni nzito?"

"Hapana. Anasema niingize mpaka mu chumba. Rafiki yangu aliingiza. Sasa hataki tena kuja ku masomo."

Nilikuwa nimeshashika bidon. Mama wa mandazi aliepua karai motoni.

"Wacha hiyo," aliniambia. "Ukibeba leo, kesho nani atamubebea? Kesho wewe utakuwa Beni." Akamshika msichana mkono. "Mwanangu, twende kwa Mama Directrice."

Niliwafuata. Mkuu wa shule, mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichwani, alinitazama mimi kwanza.

"Huyu ni nani?"

"Mupita njia," mama akajibu.

"Basi abaki inje. Mambo ya mutoto haisemwi mbele ya mutu hatumujui."

Ilinichoma kidogo. Lakini nilipokaa kwenye ngazi ya darasa niliona ana haki. Angejuaje mimi ni mtu wa namna gani? Kupitia ukuta wa mbao nilisikia sauti ndogo ikianza, ikikatika, ikianza tena. Maneno sikuyapata. Hakuna aliyeiharakisha ile sauti.

Mlango ulipofunguliwa, mkuu wa shule alikuwa ameweka mkono begani kwa msichana.

"Ulifanya muzuri kusema. Haiko kosa yako. Hautaenda tena ku nyumba ya mwalimu, wewe wala mutoto mwingine."

"Na maji yake?" mama akauliza.

"Ana mikono."

Alituma mtu amwite mama yake msichana. Mwalimu yule, alisema, hataingia darasani mpaka komite ya wazazi na wakubwa wa shule wakutane kesho yake. Yeye mwenyewe angekwenda jioni ileile kwa yule rafiki aliyeacha masomo. Kisha akanigeukia.

"Uliona vile alikuwa anapisha batu ku bomba?"

"Niliona."

"Donc, basi, unalala hapa. Yule mwalimu ana ndugu wengi mu komite. Watasema mutoto anabeba uongo. Wewe hauna ndugu hapa, utasema tu kile uliona."

Lori langu lilikuwa limeshaondoka. Mama wa mandazi alinipeleka kwake, katika chumba cha nyuma alichohifadhia unga. Akasukuma magunia, akatandika mkeka na blanketi, akaniletea sombe ya majani ya muhogo na ugali. Nilipomaliza kula aliinama mlangoni, akaokota viatu vyangu, akaviweka kwapani.

"Mama, hivyo vya nini?"

"Batu ya njia ninabajua," alisema. "Nitakurudishia kesho, ukisha kusema."

Akaenda navyo chumbani kwake.